Kupima msuguano na joto la breki kwa kipande cha sentimita moja ya mraba: mwongozo kamili

Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 463 hivi. Likifungwa breki mpaka lisimame, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto, na sehemu kubwa ya joto huingia kwenye diski za mbele. Tuseme diski moja ya mbele inabeba asilimia 35 ya kazi. Hizo ni kilojuli 162. Kama diski ina kilo 5 za chuma, chuma chote kinapanda kama nyuzi 70 za Selsiasi kwa kusimama mara moja. Simama mara tano kwenye mteremko bila kuipa nafasi ya kupoa, na umeshavuka nyuzi 300, eneo ambalo resini ya fenoli inayoshikanisha pedi nyingi huanza kuungua na kutoa gesi.

Mashine za kupimia breki nzima katika hali hiyo zipo, na ni kubwa na za gharama. Hapa tunajenga kitu cha mezani: kipande cha pedi chenye upana wa milimita 10 kwa 10, diski ndogo, mota, na vipimo vya kani na joto. Kifaa hiki kinaweza kukupa majibu ya kweli, kwa sharti moja ambalo wengi hulikosa: msuguano unakubali kupunguzwa kipimo, joto halikubali. Ukipunguza sampuli bila kuipigia joto hesabu yake ya peke yake, utapata namba nzuri za breki ambayo haijawahi kupata moto.

Hesabu kabla ya kukata chuma

Anza na gari lenyewe, kisha gawanya kwa eneo. Diski yetu ya mfano inabanwa na pedi mbili za sentimita 45 za mraba kila moja, jumla 90. Kilojuli 162 kwa 90 ni kilojuli 1.8 kwa kila sentimita ya mraba. Nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.30 na pedi inasugua mita 0.11 kutoka kitovuni, kwa hiyo gari likiwa kwenye 100, diski inapita chini ya pedi kwa mita 10 hivi kwa sekunde. Hizi ndizo namba mbili za kuhamishia mezani: mita 10 kwa sekunde, na kilojuli 1.8 kwa sentimita ya mraba.

Mota ya kawaida ya poli nne kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Sampuli ikikaa milimita 66 kutoka kitovu cha diski, kasi ya kusugua ni mita 10 kwa sekunde bila kuhitaji puli za kuongeza wala kupunguza. (Kwenye hezi 60 mota hiyo hufika 1,720 hivi, sogeza sampuli hadi milimita 55.) Ukikandamiza sentimita hiyo moja kwa nyutoni 100, yaani megapaskali 1, na msuguano ukawa 0.4 (yaani kani ya msuguano ni sehemu 0.4 ya kani ya kukandamiza), kani ya msuguano ni nyutoni 40 na joto linalozaliwa ni wati 400. Mota ya kilowati 0.75 inamudu. Shikilia sekunde nne na nusu na umetoa kilojuli 1.8, nishati ileile ya kusimama kutoka 100.

Kwa nini nisiseme tutumie kipande kikubwa? Ukichukua milimita 25 kwa 25 chini ya mgandamizo uleule unahitaji kilowati 2.5, na ukitaka kuiga kusimama kwa gari kwa kutumia gurudumu zito badala ya mota, hesabu inakupeleka kwenye gurudumu la kilo zaidi ya 60 linalozunguka mara 1,300 kwa dakika. Kitu hicho kikichomoka hakiulizi nani yuko chumbani.

Sasa mtego. Diski ya mezani ya kipenyo cha milimita 160 na unene wa 8 ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Kwenye gari, kila sentimita ya mraba ya pedi ina gramu 55 tu za chuma cha kulipasha joto. Kwenye meza yetu ina gramu 1,160. Mkandamizo uleule unaopandisha diski ya gari nyuzi 70 utapandisha hii yetu nyuzi tatu na nusu. Kuchonga diski ya gramu 55 si suluhisho, itajikunja kama kifuniko cha sufuria. Suluhisho ni kuacha kutegemea msuguano upashe diski, na kuipasha kwa moto wa nje mpaka nyuzi unazotaka, halafu ndipo usugue. Si ujanja wa mafundi maskini: jaribio la SAE J661 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari kinachotunga viwango), ambalo viwanda vimelitumia miaka mingi kwa vipande vya inchi moja ya mraba, lina hita na feni kwa sababu hiyohiyo.

Kifaa

Diski ilale, mhimili ukiwa wima, umeshikwa na bearingi mbili na kuzungushwa na mota kwa mkanda. Usiifunge diski moja kwa moja kwenye mota, maana joto litashuka na kuyeyusha grisi. Kati ya diski na mhimili weka kipande cha chuma kisichoshika kutu chenye mgusano mdogo. Chuma hicho hupitisha joto kwa kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kawaida.

Diski yenyewe iwe ya chuma kijivu cha kusubu, aina ileile ya diski za magari mengi. Njia rahisi ni kumpelekea mkereza chuma diski kuukuu aichonge. Mwambie unataka uso usioyumba zaidi ya milimita 0.05 ukipimwa kwa geji ya saa (yenye mshale unaozunguka kama wa saa) baada ya kufungwa mahali pake. Akikuambia hilo ni suala dogo, kaa naye mpaka apime mbele yako.

Mkono unaoshika sampuli uwekwe kwa kufuata mstari wa nusu kipenyo, ukitoka nje kuelekea kitovu, ili msuguano uuvute pembeni na si mbele au nyuma. Uwe na maegemeo mawili: la kwanza linauruhusu kupanda na kushuka, la pili linauruhusu kwenda kushoto na kulia. Mwendo wa pembeni uzuiwe na lodiseli (kipima kani) ya kilo 20, ile ya ubapa inayotumika kwenye mizani, ikiwa na bodi ya HX711 ya kugeuza ishara yake kuwa namba. Bodi hiyo husoma mara 10 au 80 kwa sekunde. Iweke kwenye 80.

Sababu ya kuupanga mkono hivyo ni hii. Ukiufuatisha mwelekeo wa mzunguko, na egemeo likawa juu au chini ya uso wa diski hata kwa sentimita mbili, msuguano wenyewe unaanza kuukandamiza mkono au kuunyanyua. Unafikiri umeweka nyutoni 100, kumbe ni 108 au 92. Niliwahi kuandika kurasa nzima kuhusu pedi iliyokuwa "bora" kuliko nyingine, na tofauti yote ilikuwa egemeo langu. Tangu hapo, kila nikimaliza kufunga kifaa nageuza mzunguko wa mota na kupima upande wa pili. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia tatu, sianzi.

Uzito, wenzo na chemchemi

Nyutoni 100 ni kama kilo 10. Wengi hutengeneza wenzo wa uwiano wa tano kwa moja na kutundika kilo 2 mwishoni, wakifikiri uzito mdogo ni mtulivu zaidi. Ni kinyume. Diski inapoyumba milimita 0.05, ncha ya wenzo inacheza mara tano ya hiyo, na kilo 2 zile, zikionwa kutoka kwenye sampuli, zinakuwa na ukaidi wa kilo 50. Kwa mizunguko 1,440 kwa dakika, kani ya kukandamiza inapanda na kushuka kwa nyutoni 28 hivi kila upande. Sampuli inarukaruka na wewe unasoma wastani usio na maana.

Dawa ni chemchemi laini kati ya wenzo na uzito. Ya nyutoni 2 kwa milimita inatosha: kilo 2 zinabaki zimetulia hewani huku wenzo ukicheza, na mtikisiko unashuka hadi nyutoni moja na kidogo.

Kisha pima kipimo. Diski ikiwa imesimama, weka mizani ndogo chini ya sampuli usome uzito halisi unaofika, maana mkono nao una uzito wake ambao kila mtu huusahau. Kwa upande wa msuguano, funga uzi kwenye kishikio palepale sampuli ilipo, upitishe kwenye roda, utundike kilo 1, 2, 3 na 4, na uandike lodiseli inasema nini. Vuta hapohapo kwenye sampuli na hutahitaji kujua urefu wowote wa mkono.

Kupima joto bila kudanganywa

Themomita ya mwanga wa infraredi ndiyo inayodanganya watu wengi. Imetengenezwa kwa nyuso zinazotoa mionzi vizuri, na uso wa diski uliosuguliwa unang'aa, kwa hiyo inasoma chini sana kuliko hali halisi. Paka ukingo wa nje wa diski, usiosuguliwa, rangi nyeusi isiyong'aa ya kustahimili joto (ile ya mabomba ya ekzosi), na uelekeze themomita hapo tu.

Kipimo cha pili ni themokapo (waya wa kupimia joto) ya aina ya K ndani ya sampuli. Toboa kutoka mgongoni tundu la milimita 1.2 na uishie milimita 2 kabla ya uso. Itachelewa kwa sekunde chache, lakini inakuonyesha upande wa pedi. Ijaribu kwanza kwenye maji yenye barafu, kisha kwenye maji yanayochemka, ukikumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu kwa takriban kila mita 300 za mwinuko.

Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachoona joto la kweli la mgusano. Mhandisi Mholanzi Harmen Blok alionyesha mwaka 1937 kwamba vilele vidogo vinavyogusana hupata moto mkali wa ghafla, wa muda mfupi mno, juu zaidi ya joto la chuma kilichovizunguka. Kwa hiyo andika daima ni joto la wapi unalotaja. "Nyuzi 250" bila mahali ni porojo.

Usalama, kabla sampuli haijaguswa

Pedi kuukuu usizozijua asili zinaweza kuwa na asbesto. Usizikate. Tumia pedi mpya zilizoandikwa kuwa hazina asbesto, na hata hizo zikate zikiwa zimelowa, ukiwa na barakoa ya chembe ndogo, na vumbi ulifute kwa kitambaa cha maji. Kupuliza kwa hewa ya kompresa ni marufuku.

Diski izungukwe na ngao ya bati nene, swichi ya kuzimia iwe mahali unapoifikia bila kuvuka diski, na glovu zikae mbali na kitu kinachozunguka. Fungua madirisha: moshi wa resini si wa kuvuta. Na usinyunyizie kisafishio cha breki kwenye diski ya moto. Vyenye klorini vinaweza kutoa fosjini, ambayo ni sumu kali.

Kuandaa na kuzoesha sampuli

Kata kutoka katikati ya pedi, si pembeni, na uweke alama ya mshale kuonyesha mwelekeo iliosuguliwa kwenye gari. Kata tatu kwa kila aina. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, chembe za chuma, grafaiti na resini, na milimita 10 za mahali pamoja si ndugu pacha wa milimita 10 za mahali pengine. Kipande kimoja hakithibitishi chochote.

Kausha sampuli saa moja kwenye nyuzi 100, ziache zipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha pima kwa mizani ya gramu 0.001 na kwa maikromita sehemu tano (rudia kipimo hiki baada ya kuzoesha, maana kulika kutahesabiwa kuanzia hapo). Safisha diski kwa asetoni ikiwa baridi na usiiguse tena kwa vidole. Alama moja ya jasho inaonekana kwenye mchoro.

Kuzoesha ni hatua inayochosha na isiyoruhusu mkato. Sugua kwa nusu ya uzito, sekunde 5 kisha pumzika 25, diski ikibaki chini ya nyuzi 100, mpaka uso wa sampuli uonyeshe mgusano wa angalau asilimia 80. Mara nyingi ni mikandamizo 60 hadi 100. Utaona msuguano ukipanda polepole kisha ukitulia, kwa sababu pedi inapaka utando mwembamba juu ya chuma, na kuanzia hapo pedi inasugua utando wake yenyewe zaidi kuliko chuma kitupu. Ndiyo maana huwezi kubadilisha aina ya pedi na kuendelea na diski ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Isugue kwa msasa wa namba 120, isafishe, uzoeshe upya. Mwenye uwezo awe na diski moja kwa kila aina.

Jaribio lenyewe

Pasha diski kwa bunduki ya joto kutoka chini huku ikizunguka, mpaka ukingo usome nyuzi 100. Zima hita. Shusha sampuli sekunde 5, inua, subiri 25. Fanya mara tano. Tupa sekunde ya kwanza ya kila mkandamizo na ya mwisho, ukachukue wastani wa tatu za katikati. Gawanya kani ya msuguano kwa kani ya kukandamiza: hicho ndicho kizigeu cha msuguano, ambacho tutakiandika µ.

Panda kwa hatua za nyuzi 50 mpaka 350, mikandamizo mitano kila hatua. Hiyo ni 30. Kisha, na hapa ndipo wavivu huishia njiani, teremka kwa hatua zilezile mpaka 100, mikandamizo 25 mingine. Malizia na mitano diski ikiwa baridi kabisa. Jumla 60.

Kama una kibadilisha kasi cha mota, rudia hatua ya nyuzi 200 kwa mita 5 kwa sekunde na uzito mara mbili. Wati zinabaki 400 ila mgandamizo ni ule wa kufunga breki kwa nguvu. Kanuni ya Coulomb ya kwamba msuguano haujali kasi haina uaminifu kwenye pedi, na ni vizuri uone kwa macho yako.

Kusoma mchoro

Chora µ dhidi ya joto la ukingo, mstari mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka. Pedi nzuri huenda na 0.35 hadi 0.45, hupanda kidogo kuelekea nyuzi 200, kisha hulegea taratibu. Mimi huogopa zaidi pedi inayoanza na 0.50 na kuanguka hadi 0.25 kuliko inayokaa kwenye 0.36 njia nzima. Ya kwanza inamfurahisha dereva mjini na kumsaliti kwenye mteremko.

Mstari wa kushuka ndio unaosema kweli. Ukirudi ukalingana na ule wa kupanda, resini ilitoa gesi, ikapoa, pedi ikapona. Ukibaki chini hata kwenye nyuzi 100, toa sampuli uitazame: uso unaong'aa kama kioo umeungua na hautarudi bila kusuguliwa. Ukiwa juu kuliko mwanzo, huenda hukuizoesha vya kutosha, na jaribio lirudiwe.

Linganisha na herufi mbili zilizopigwa ubavuni au mgongoni mwa pedi nyingi, kwa mfumo wa SAE J866. Ya kwanza ni µ ya kawaida, ya pili ni ya moto: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FF ikikupa 0.22 kwenye nyuzi 250, shuku kifaa chako kwanza, pedi baadaye. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu pedi itadumu muda gani.

Jambo jingine halionekani kwenye meza hii: mafuta ya breki. Dereva akisema pedali ilizama mpaka chini baada ya mteremko, hilo si suala la µ, ni mafuta yaliyochemka. DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta hayo) ikiwa mpya lazima istahimili angalau nyuzi 230, lakini ikiwa na maji asilimia 3.7 kiwango hicho ni 155. Pedali ikiwa ngumu na gari halipunguzi mwendo, hapo ndipo pedi zimelegea kwa moto, na hapo ndipo mchoro wako una kazi.

Kulika kwa pedi

Kausha sampuli tena kwa utaratibu uleule, kisha pima. Mfano: imepungua gramu 0.012, na densiti yake ni gramu 2.4 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo zimeondoka milimita 5 za ujazo. Mikandamizo 60 ya sekunde 5 kwa mita 10 kwa sekunde ni mita 3,000. Zidisha kwa kani ya wastani ya nyutoni 40, unapata kilojuli 120. Gawanya: milimita 42 za ujazo kwa kila megajuli. Kulinganisha kwa nishati ni haki kuliko kwa umbali, maana pedi yenye µ ndogo inasugua bila kufanya kazi na inaonekana inadumu.

Namba hiyo haitabiri kilomita za gari. Inapanga pedi A, B na C kwa mpangilio, na kwa uzoefu wangu mpangilio ukitoka sawa kwa vipande vitatu vya kila aina unaaminika. Vipande vikitofautiana kuliko aina zenyewe, hujapata jibu, kata vingine. Na pedi uliyochanganya mwenyewe, hata ikishinda zote mezani, haiendi barabarani mpaka ipimwe ikiwa nzima, kwenye kaliperi (kibano cha breki) na diski ya ukubwa wake.

Weka sampuli zilizokwisha kutumika kwenye vifuko vyenye tarehe na mchoro wake. Kila baada ya majaribio kumi, toa ile moja uliyoichagua kuwa ya rejea na uipime upya kwenye nyuzi 100: ikihama kwa zaidi ya 0.02, fungua kifaa uanze na geji ya saa.